Chumvi ya maganda ya ndizi

Chumvi zilizochanganyika ndani ya maji hazitoki zote kwa mpigo. Maji yakipungua, ile isiyoyeyuka sana hujitenga kwanza, nyingine zinaendelea kuvumilia. Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, wanafunzi wameinakili, wameijibu kwenye mtihani, na hakuna aliyewahi kuiona ikitokea. Shule yetu ina maabara kwa jina tu. Basi kiangazi hiki, kwa kuwa Bukavu, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Kivu, imekauka na anga iko wazi, nimeamua kuiona mwenyewe nyumbani, kwa kitu ambacho hakuna anayekilipia hapa: maganda ya ndizi.

Mgomba ni mroho wa potasi, madini ambayo ni chakula cha mimea. Unaivuta kutoka ardhini, na sehemu nzuri inaishia kwenye ganda. Ukichoma ganda, sehemu kubwa ya kaboni inakwenda zake na moshi, lakini potasi inabaki kwenye majivu kwa umbo la chumvi tatu: zaidi kaboneti, pamoja na kloridi na sulfeti. Wazee wa Kongo walijua kutoa chumvi kwenye majivu ya mimea, hasa ile ya majini, zamani kabla ya pakiti za dukani.

Kwenye kuchoma nimepata mwalimu, mama mdogo wangu, ambaye hakusoma kemia hata saa moja. Majivu ya moto mmoja huwa na vipande vyeusi vya makaa, na maji yake yanatoka na rangi ya chai. Yeye huyarudisha motoni, juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, anayageuza kwa kijiti hadi yawe meupe kidogo. Nilicheka peke yangu, maana hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya kwanza kabisa iliyotolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, ikatiwa saini na George Washington mwenyewe, ilihusu jambo hilihili. Samuel Hopkins alipewa haki kwa njia ya kutengeneza potasi ambayo siri yake ilikuwa kuyachoma majivu mara ya pili kabla ya kuyatia maji. Mama mdogo hana hataza.

Baada ya hapo ni kuchuja. Kopo lililotobolewa chini, kitambaa, majivu yakashindiliwa, maji ya moto yakamwagwa kidogo kidogo. Matone ya kwanza ni ya manjano hafifu na yanateleza vidoleni kama sabuni (nawa haraka, yanachoma ngozi, na yakiingia jichoni ni balaa). Kadiri unavyoongeza maji utelezi unapungua, na unapoisha hakuna faida kuendelea, unajiongezea maji ya kuchemsha bure.

Nilipoinyanyua sufuria ya aluminiamu ili niyachemshe humo, mama mdogo alinizuia mlangoni. "Usiweke mule, mutoto wangu. Ile maji inakula sufuria." Ni kweli tupu: maji ya kaboneti ya potasi yanaishambulia aluminiamu, inatoa mapovu na kuwa nyeusi. Tukatumia bakuli la bati la enameli, lile la zamani lenye ua jekundu.

Sasa ndipo raha yenyewe. Bakuli likakaa juu ya mbabula, jiko letu la makala (makaa), moto wa taratibu, maji yakashuka vidole viwili, vitatu, na hakuna kilichotokea. Halafu juu ya maji, karibu na ukingo, kukatokea utando mwembamba kama vumbi lililotua. Ukiupuliza unahama, ukiugusa kwa kijiko unazama. Hapo hapo nikaliondoa bakuli motoni. Ukikosa subira ukaendelea hadi maji yaishe, unapata tonge la kila kitu, na kazi yote ya kutenganisha imepotea. Kazi ya fundi wa chumvi, naona, iko zaidi katika kuacha kuliko katika kuchemsha.

Lilipopoa usiku kucha, asubuhi chini palikuwa na punje ndogo, ngumu, zinazolia chini ya kijiko kama mchanga. Nilizisuuza kwa maji baridi machache sana. Nina kichupa cha kloridi ya bariamu nilichookoa kwenye kabati la shule, na tone lake, baada ya asidi kidogo, likaleta wingu jeupe zito, dalili ya sulfeti. Inaeleweka ukitazama namba: kwenye nyuzi 20, gramu 100 za maji zinabeba takriban gramu 11 za sulfeti ya potasi, gramu 34 za kloridi, na zaidi ya 110 za kaboneti. Sulfeti haikuwa na njia ila kutangulia.

Kwenye Bahari ya Chumvi wanafanya hivihivi bila mbabula. Mhandisi Moshe Novomeysky alianza kutoa potasi pale miaka ya 1930, akiyaacha maji kwenye mabwawa mapana na jua likafanya kazi ya makala. Chumvi ya kawaida inaanguka kwanza, wanaiacha bwawani, maji yanahamishiwa bwawa jingine, na huko inaganda kanaliti, ambayo ni kloridi ya potasi na ya magnesi zimeshikana pamoja na maji. Ukiipa kanaliti maji kiasi, magnesi inakimbilia majini na potasi inabaki. Chumvi ya kawaida ikiwa bado imo, wanatumia joto: maji yakichemka yanabeba chumvi hiyo karibu sawa na yakiwa baridi, lakini kloridi ya potasi inapanda kutoka zile gramu 34 hadi 56. Poza maji ya moto yaliyoshiba zote mbili, na potasi inanyesha yenyewe. Huwa sichoki na hesabu hiyo.

Kwa mabwawa, Bukavu tusijidanganye. Lava za volkano ya Nyiragongo zina potasi nyingi, lakini sisi tuna mvua kuanzia Septemba hadi Mei. Bwawa lolote utakalochimba litajaa badala ya kukauka. Ng'ambo, Kongo-Brazzaville, potasi iko ardhini imeganda tayari, na mgodi wa Holle karibu na Pointe-Noire uliichimba kuanzia 1969. Mwaka 1977 maji yakavunja njia yakaingia, mgodi ukafa. Chumvi na maji havihitaji kukumbushwa kwamba vinapendana.

Wala hii ya kwangu si biashara, nawaambia mapema wale mtakaoniuliza bei. Karai la maganda mabichi, yakikaushwa na kuchomwa, linaacha majivu ya kujaza kiganja, na makala niliyotumia yana thamani kuliko nilichopata. Mwenye shamba akitaka potasi ya ndizi, heri ayatupe maganda shambani yaoze.

Yalibaki maji mazito ya kaboneti, ambayo nilidhani nitayakausha niyahifadhi. Nilijaribu kidogo kwenye sahani: yakakauka motoni yakawa unga mweupe, nikauacha wazi, na kufikia kesho yake unga ulikuwa umevuta unyevu wa ziwa hadi ukawa uji. Hiyo ndiyo tabia ya kaboneti ya potasi, lazima chupa na kizibo. Lakini chupa haikuhitajika. Mama mdogo aliyachukua maji yote, akatia kijiko kwenye maharagi magumu yaliyokuwa yamemshinda tangu asubuhi, yakalainika kabla makala hayajaisha. Punje za sulfeti aliziangalia, akaonja moja, akatema. "Hii chungu ni ya wanafunzi wako," akasema, akanirudishia kijiko.