Ile e ya mwisho leo imeeleweka!

Jamani leo nina furaha hadi basi. Wiki nzima nahangaika na watoto wangu wa darasa la kwanza na ile e isiyosomwa mwishoni mwa maneno ya Kiingereza, maana mtoto aliyezoea kusoma Kiswahili anatamka kila herufi anayoiona, kwa hiyo kite anaisoma ki-te na wala huwezi kumlaumu. Sheria, kwamba e hiyo inanyamaza ila inaifanya irabu iliyotangulia itamkwe kwa jina lake la Kiingereza (a inakuwa "ei"), nimeieleza mpaka sauti imekauka, wapi! Leo nikaandika cap kwenye kadi, nikakata kijikaratasi chenye e nyekundu, nikamwita mmoja abandike mwenyewe, ikawa cape. Akatulia, midomo inacheza bila sauti, halafu akapaza: "tichaaa, e imenyamaza ila imemwambia a ataje jina lake!" Yani nilimkumbatia palepale. Baada ya hapo hop na hope, cub na cube, kila mtu anagombania kubandika. Have na give nimeziweka kando kwanza, hizo e haiiambii irabu itaje jina lake, ipo tu kwa sababu Kiingereza hakipendi neno liishie na v, na mtoto akikutana nazo mapema anaona umemdanganya. Kesho tunaingia kwenye sentensi.