Lupu ya kila mtu, biti yangu: ninavyozifanyia kazi sampuli za tayari

Wimbo wangu mmoja wa ala tupu uliwahi kudaiwa na mtu nisiyemjua, muda mfupi tu baada ya kuupakia mtandaoni. Mfumo wa kutambua sauti ulidai kwamba piano ya mwanzo ni mali yake. Kumbe sote wawili tulichukua lupu moja, yaani kipande kifupi cha muziki kinachoweza kurudiwarudiwa, kutoka kifurushi kimoja cha sauti za tayari, na sote tulikuwa na leseni halali. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa ameshausajili wimbo wake kwenye mfumo huo. Nilituma leseni yangu, madai yakaondolewa. Lakini nilipousikiliza wimbo wake, dakika ya kwanza ilifanana na yangu kiasi cha kuniumiza. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta namna ya kutumia vitu vya tayari bila kupoteza sauti yangu.

Wapo maprodyuza wanaoapa kwamba sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyokwisha rekodiwa, hawagusi kabisa. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Chukua Roland TR-909 ya mwaka 1983, mashine ya ngoma iliyosikika sana katika muziki wa dansi, hausi ya Chicago na tekno ya Detroit. Hai-hati (jozi ya matoazi madogo yanayogongana) na matoazi yake mengine ni sauti zilizorekodiwa na kufungiwa humo ndani, kwa hiyo kila aliyeinunua alipata hai-hati ile ile. Hata hivyo, nyimbo zilizotoka humo hazifanani. Ngoma za “Umbrella” ya Rihanna ya mwaka 2007 nazo zimejengwa juu ya lupu iliyokuja na GarageBand, programu ya kutengeneza muziki. Yeyote mwenye programu hiyo alikuwa nayo kwenye kompyuta yake. Na mtu anayepiga mwenyewe kordi nne zilizokwishapigwa na kila mtu, kwa sauti ya kinanda iliyokuja na kinanda, simwoni kuwa mbunifu kuliko aliyekata sampuli kwa akili.

Kwangu upekee unaanzia kwenye kukata. Lupu haikai kwenye mradi wangu ikiwa nzima. Naiingiza kwenye sampula, chombo cha kukata na kupiga sauti zilizorekodiwa, halafu natafuta mahali ambapo mpigaji hakupania kusikika: mkia wa kordi inapofifia, kidole kinapoachia kibao, pumzi kabla ya noti. Tuseme ni piano ya tempo 120, yaani mapigo 120 kwa dakika. Nachukua kordi moja tu na kufuta kile kishindo cha mwanzo, pale nyundo inapogonga waya. Sikio huitambua piano kwa kishindo hicho zaidi ya linavyoitambua kwa mlio unaofuata. Mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer alilifanya jambo hili Paris mwaka 1948 kwa kurekodi kengele bila pigo lake la mwanzo, na kilichobaki hakikusikika tena kama kengele.

Baada ya hapo naishusha kasi kwa njia ya mkanda, yaani sauti ishuke pamoja na kasi, badala ya kuacha programu inyooshe muda peke yake. Kutoka 120 hadi 90, sauti inashuka karibu nusu toni tano. Mng'ao wa nyaya unapungua, na kelele ya chumba walimorekodia, ambayo mwanzoni hukuisikia, inajitokeza kama ukungu. Nakirekodi upya kilichotoka, naitoa lupu ya asili kwenye mradi ili nisishawishike kuirudia, kisha napiga kordi zangu mwenyewe kwa hiyo sauti mpya. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sioni haraka nikiwa hapo.

Kwenye ngoma sina mengi. Natumia pigo moja moja, sichukui lupu nzima, na mapigo nayapanga kwa mkono. Snea, ile ngoma yenye mlio mkali, naichelewesha nyuma ya mstari wa pigo kwa milisekunde 10 hadi 20. Ni kidogo sana, kwani kwenye tempo 120 noti ya moja ya kumi na sita, yaani robo ya pigo, ni milisekunde 125, lakini mwili unaisikia. Juu yake naweka kitu nilichorekodi mwenyewe kwa simu: kitasa, funguo, mlango unaofungwa.

Sauti za waimbaji ndizo zinazonipa kazi. Ukiikata, ukaigeuza na kuishusha, mwenye sauti bado yumo. Kwa hiyo sitegemei kibwagizo cha kifurushi kubeba wimbo. Nachukua irabu moja na kuipiga kama ala, basi. Kibwagizo kikihitajika, natafuta mtu aimbe.

Kabla ya kumaliza nazima vyote vilivyotoka kwenye vifurushi na kusikiliza kilichobaki. Kama besi, melodia na mpangilio havisimami vyenyewe, narudi kazini.

Na kuna haki ya mtu. Mwaka 1969 Gregory Coleman, mpiga ngoma wa bendi ya The Winstons, alipiga solo ya takriban sekunde sita katika wimbo “Amen, Brother”. Sekunde hizo zikawa uti wa mgongo wa jungle na drum and bass, mitindo ya muziki wa dansi wenye ngoma za kasi, zikakatwakatwa na maprodyuza wasiohesabika. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata mrabaha kutokana na kazi hiyo. Ndiyo maana sitoi sampuli kwenye rekodi ya mtu bila ruhusa, hata iwe fupi vipi. Na kifurushi kikiandikwa “bila mrabaha”, hakimaanishi kwamba lupu imekuwa yangu: kwa kawaida nina haki ya kuitumia ndani ya wimbo, sina haki ya kumzuia mwingine mwenye leseni kama yangu. Kwa hiyo kila leseni naiweka kwenye folda ya mradi wake, na wimbo wenye lupu inayotambulika siusajili kwenye mifumo ya kutambua sauti. Nasajili zile tu ambazo hakuna mwingine anayeweza kuwa na sauti zake.