Nilivyopaka rangi chini ya boti yangu uani, Tanga

Walionishauri kuhusu rangi ya chini ya boti walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa wajuzi wa vyombo vya mbao. Boti yangu ni ya faiba, ya futi 18, kuukuu, na imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kunifikia. Mzee mmoja wa Sahare, ambaye ninamheshimu sana katika mambo ya bahari, aliniambia, "Mwanangu, ichome kwanza kwa makuti, kisha uipige deheni." Deheni ni mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ya kupaka chini ya chombo. Kwa jahazi maneno hayo ni sahihi, kwa kuwa moto huwaua wadudu wanaotoboa mbao, lakini faiba hushika moto. Nilimjibu, "Nimesikia, mzee," nikaenda zangu.

Kijana wa gereji naye alisema nichukue rangi ya mafuta ya milango na kuikoroga na pilipili ya unga. Rangi halisi ya chini ya boti huwa na shaba, ambayo hutoka kidogo kidogo majini na kuwazuia viumbe wasing'ang'anie. Niliiagiza Mombasa kwa laki tatu na ushee, bila nauli ya basi. Shaba hiyo ni nzito na hutuama, kwa hiyo asiyeikoroga hadi mkono uchoke huiacha chini ya kopo dawa aliyoinunua kwa bei ghali.

Kukwangua sitakueleza kwa kirefu, ila magamba yaondolewe siku ileile boti inapotoka majini, kwa sababu yakikauka hushika kama saruji. Msasa utumike pamoja na maji, kwani vumbi la rangi ya zamani ni sumu, na anayesugua pakavu huku amejifunga leso puani anajidanganya.

Kazi iliyonipa raha ni mstari wa maji, yaani ule unaoonyesha maji yanapofika boti ikielea. Wamiliki waliotangulia walikuwa wamechora wa kwao, uliopinda kila mahali. Fundi niliyemwita alitaka kupima kwa rula kutoka ukingoni, ilhali ukingo wa boti hupanda kuelekea omo, yaani mbele, na mstari wake ungepanda nao. Nilimshukuru nikamlipa nauli. Kabla ya kuitoa boti, asubuhi moja bahari ikiwa shwari, tangi limejaa na mashine ipo mahali pake, nilikuwa nimeshuka majini nikatia alama omo na kwenye pembe zote mbili za shetri, yaani nyuma. Uani niliiinua kwa jeki juu ya magogo, nikaazima kwa mwashi jirani mpira wa leveli, ule mwembamba unaopitisha mwanga, unaojazwa maji kwa ajili ya kusawazisha msingi. Kwanza nilisogeza magogo hadi alama zote tatu zikawa katika kimo kimoja. Kisha mke wangu akashika ncha moja penye alama ya omo, nami nikaizunguka boti na ncha nyingine. Siri yenyewe ni kwamba maji ya ncha yake hayana budi kugusa alama kila mara kabla sijatia nukta, kwa hiyo alikuwa akiniamuru, "Pandisha kidogo, baba watoto! Basi, umezidisha, shusha!" hadi majirani wakaja kutazama. Povu lolote likibaki ndani ya mpira, vipimo vyote huharibika. Nilipandisha nukta zote kwa upana wa vidole viwili, kwa kuwa mawimbi madogo hulowesha juu ya mstari na mwani huota hapo, nikaziunganisha kwa utepe wa karatasi. Mstari ule umenyooka, na sijaona ulionyooka kuushinda hapa Tanga.

Rangi nilipaka asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali: mkono wa kwanza mweusi na wa pili mwekundu, ili weusi ukianza kuonekana nijue nyekundu imekwisha. Omo na penye mstari niliongeza mkono wa tatu. Kipande cha zinki, kinachofungwa ili kiliwe na maji ya chumvi badala ya vyuma vya boti, hakipakwi kabisa, kwani kikifunikwa hakifanyi kazi, na mguu wa mashine ni wa alumini, ambayo ikikutana na rangi ya shaba katika maji ya chumvi huliwa. Sehemu zilizokaliwa na magogo nilizimalizia baada ya kuyahamisha, na bamvua, yaani maji makuu, ilipofika tukaiteremsha boti. Rangi kidogo imebaki nami nitampa anayeihitaji, isipokuwa mwenye boti ya alumini.