Unasubiri nini, mwanangu?

Jamani wiki hii mambo yamekuwa mengi, ofisi imefunguliwa baada ya sikukuu, kontena mbili za Dar zimeondoka, baba Neema kapandishwa cheo (ndiyo, hatimaye!), lakini akili yangu yote bado iko mlangoni kwa Shangazi kule Shantou, kusini mwa China.

Shangazi mnamjua, dada mkubwa wa baba mkwe, yule aliyenikumbatia mwaka wa kwanza wakati wengine bado wanashangaa nywele zangu. Tulienda kumpa heri ya mwaka mpya wa Kichina kama kawaida, tumebeba machenza manne, maana watu wa Chaoshan (ndo eneo la huko Shantou) huendi kwao mwaka mpya mikono mitupu na machenza lazima yawe jozi. Ukiaga, mwenye nyumba anayapokea yako anakuwekea ya kwake, mnabadilishana heri. Kwetu Tanga nani anarudisha sahani ya jirani tupu? Na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe Shangazi, alichagua mawili yenye majani akayapanga kwenye mfuko wangu, nilipotaka kukataa akanipiga kikofi mkononi.

Sasa safari hii tumekunywa chai, tumeaga, nimesimama mlangoni na mfuko mtupu. Nangoja. Akaniangalia akasema, "Unasubiri nini, mwanangu? Nendeni, mvua inakuja."

Unasubiri nini. Nimekaa nalo kwenye treni mpaka Guangzhou. Baba Neema anasema kasahau tu, usilikuze. Nikamwambia mtu mzima hasahau kitu kama hicho, hiyo ni sawa na kusema heri yenu kaeni nayo. Nikaanza kutafuta sababu, au bahasha nyekundu ya pesa niliyompa ilikuwa nyepesi? Au kwa vile mtoto wa pili hajaja mpaka leo, na kule wanavyopenda mjukuu wa kiume? Nikawa nalirudia jikoni peke yangu kwa sauti yake, mara kwa ukali mara kwa upole, nijue lilikuwa lipi. Unasubiri nini, mwanangu. Hivi "mwanangu" alilisema kweli au nimeliongeza mimi?

Jana usiku naosha vyombo ndo likanijia jambo jingine kabisa. Chai ya kule inanywewa kwa vikombe vidogo vitatu tu, hata mkiwa watu sita mnapokezana, na kabla ya kila duru vikombe vinasuuzwa kwa maji ya moto. Shangazi kazi hiyo anaifanya bila kutazama, anakizungusha kikombe ndani ya mwenzake kwa ncha za vidole na haungui. Siku ile hakusuuza. Baba mkwe alikunywa akarudisha kikombe, Shangazi akamimina chai humohumo akampa mtu mwingine. Na alimuuliza Neema yuko darasa la ngapi, mtoto akajibu, tukatafuna karanga kidogo, akamuuliza tena. Wote tukacheka.

Nikamwambia baba Neema. Hakusema tena kasahau tu. Hakusema kitu.

Kwa hiyo hakuwa ananifukuza, alikuwa anauliza kweli, hajui ninachosubiri. Na heri angekuwa amenikasirikia, hasira ya Shangazi ningeiendea na zawadi na maneno matamu ikaisha.

Sasa nani aseme? Wanawe wote wako Shenzhen, wanampigia video na kwenye video anacheka vizuri tu. Kuna sheria ya wazee ya 2013 inayotaka watoto wanaoishi mbali waende kuwaona wazazi wao mara kwa mara, na hawa wanaenda, siwalaumu, ila wanaenda sikukuu, nyumba imejaa watu na mahanjumati, nani atagundua? Mimi mkwe siwezi kuandika kwenye grupu la WeChat la ukoo mzima kwamba mama yenu ameanza kupotea, ningemvunjia heshima yeye na wanawe. Neno kama hilo linatoka kwa mkubwa. Mkubwa ni baba mkwe, na baba mkwe alikuwepo, alikiona kile kikombe, akanyamaza. Amejua tangu lini?

Nimemwambia baba Neema ampigie baba yake leo leo, asingoje wikiendi. Na huyu Neema tangu juzi anajikuna shingo, sijui ni ile sabuni mpya au ndo tetekuwanga, maana shuleni kwao nasikia wawili hawajaja wiki nzima.