Siku Yangu Moja: Mlinzi wa Kisiwa Kisicho na Kisima

Saa kumi alfajiri niko macho, adhana bado. Ni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Huku kwetu Mtwara maji ya bamvua hujaa alfajiri na kupwa saa nne asubuhi, kwa hiyo ukichelewa, mashua inalala mchangani Msimbati na wewe unalala nayo. Napakia madumu mawili ya maji, mihogo ya kuchemsha, daftari na futikamba. Madumu ndiyo ya kwanza, maana kisiwa ninachokwenda hakina hata tone la maji ya kunywa.

Kijijini wananiita Bwana Kasa. Wanadhani napewa posho ili nikae kivulini niangalie bahari. Posho yenyewe ikimaliza vocha na bodaboda, inabaki ya chumvi.

Saa kumi na mbili tunashuka. Mchangani kuna njia mbichi, kama trekta limepanda kutoka baharini usiku. Kasa wa kijani. Bahati mbaya ametaga chini sana, maji ya jioni yatafika. Inabidi kuhamisha, na kuhamisha kuna adabu yake: ufanye mapema, saa chache tu baada ya kutagwa, na yai usiligeuze, upande uliokuwa juu ubaki juu. Nikayatoa moja moja, meupe, mviringo kama mipira ya tenisi ya meza, ganda laini linabonyea kidogo kidoleni. 112. Nikayafukia juu, karibu na vichaka, nikachomeka kijiti chenye tarehe. Siku 55 hivi, tutaonana.

Saa mbili, mzunguko wa kichakani. Wageni wakisikia msitu wanatarajia miti mirefu na ukungu. Huu wetu ni miti mifupi iliyoota juu ya matumbawe yaliyokufa, makali kama wembe, udongo wenyewe kiganja kimoja. Kiangazi hiki mibuyu imepukutisha majani, utadhani imekufa. Ng'ambo huko, Madagaska, wana aina 6 za mibuyu zisizoota kwenyewe penginepo, na misitu yao mikavu ya magharibi inaisha kwa moto na mashamba ya mahindi. Sisi tuna aina moja tu, na bado tunaichokoza.

Saa nne kasoro nikanusa moshi.

Wavuvi wa dago, wale wanaohama kwao na kupiga kambi ya uvuvi. Dago si kosa, hata marehemu baba alikwenda dago. Lakini chanja yao ya kubanikia samaki ilikuwa ya fito mbichi, majani bado yananing'inia.

"Shikamoo mjomba," nahodha wao akaniamkia, kijana, meno yote nje.

"Marahaba. Fito hizi mmezitoa wapi?"

"Tumezikuta zimeanguka."

"Zimeanguka zote urefu mmoja?"

Wakacheka. Nikamwita twende ukingoni mwa pwani, pale pale kasa wanapofukia. Mashina kumi na moja. Moja lilikuwa bado linachuruzika utomvu, sisimizi wamejipanga wanauramba. Limekatwa mshazari, pigo moja, unene wa kifundo cha mkono wangu. Mti ule nimeujua miaka tisa, na miaka yote hiyo umenenepa kidole kimoja labda.

Nikamweleza. Joto la mchanga ndilo linaloamua mtoto wa kasa awe dume au jike. Kivuli kikiondoka, mchanga unachemka, wanatoka majike matupu. Joto likizidi, hatoki mtu.

"Sasa mjomba, majike yakiwa mengi si ndiyo heri? Dume moja linatosha!"

Vijana wakaangua kicheko. Nami jibu la haraka la kukishinda kicheko kile sikuwa nalo, nakiri. Kisha nahodha akadai tajiri wake anajuana na wakubwa. Kisha simu ya tajiri haipatikani, apande juu ya jiwe atafute mtandao. Kisha mimi nimeajiriwa na kasa au na serikali? Sina bunduki, faini siandiki. Nina daftari na mdomo. Jua la utosi, mdomo umekauka, nami narudia maneno yale yale kama mwalimu wa chekechea, mpaka akachoka yeye kabla yangu: hakati tena, na safari ijayo atakuja na mianzi kutoka bara. Nikaandika namba ya chombo. Akanipa tasi wanne, wanono. Nikakataa. Ningewachukua, kesho kijiji kizima kingejua Bwana Kasa bei yake tasi wanne.

Kurudi mashuani, maji yamepwa zamani, iko kavu. Tukangoja. Yalipoanza kujaa, kusi nayo ikavuma kwelikweli. Kumi? Kumi na moja? Sikuangalia tena saa. Nilikuwa nakomba maji mashuani kwa kopo, mguu umechanwa na matumbawe, chumvi inaingia.

Nyumbani usiku. Mke wangu akaangalia mikono yangu mitupu, akafunua sufuria.

"Mwanaume kutwa nzima baharini, halafu tunakula choroko?"