Siku moja na Mto Kikuletwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nawasha pikipiki hapa Moshi, mabuti na daftari nimevifunga nyuma. Kazi yangu ni kusoma vipimo vya maji mitoni, na leo ni zamu ya Kikuletwa.

Kwenye daraja la Karanga nasimama kidogo. Ni Machi, masika bado, maji yanapita katikati ya mawe tu. Wengi mjini huamini mito yetu ni theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inayoyeyuka. Mchango wa theluji ni mdogo sana. Mito inaletwa na ule mkanda wa msitu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ikazama kwenye miamba ya volkano na kuibuka chini kama chemchemi. Ndiyo maana kila mti unaokatwa kule juu unaniuma.

Saa tatu niko Arusha Chini. Nafuta tope kwenye ubao wa kipimo, nasoma mara mbili, naandika. Hapa Kikuletwa umeshabeba mito ya Weruweru na Kikafu, maji ya upande wa Mlima Meru na ya chemchemi za Chemka. Mengine yamebaki mashambani, yamechepushwa na mifongo, mifereji ya jadi ya Wachaga.

Saa saba, bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapa Kikuletwa unakutana na Ruvu unaotoka Ziwa Jipe, na kutoka bwawani, lililojengwa miaka ya 1960, mto unaitwa Pangani hadi Bahari ya Hindi. Magharibi ni Simanjiro. Migombani kule juu tumebanana, kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani kwa shamba la nyumbani; huku unaendesha muda mrefu hujaona boma. Mvua ni haba, kwa hiyo hawa watu wachache wanauhitaji mto kuliko sisi tulio wengi. Tunapogawana maji huko juu, ni nadra kuwakumbuka.

Mzee mmoja ananywesha ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mlimani imenyesha?"

"Bado, mzee."

Anatazama kaskazini, kuna wingu tu. Tunaachiana namba za simu.

Saa kumi na mbili jioni narudi, nanakili vipimo, nakula. Saa nne usiku bati linaanza kulia, na upande wa mlima radi inapiga mfululizo. Nachukua simu.

"Mzee, imeanza."