Usaili wa Bukavu, Mei 2021

Mwaka 2021 nilikuwa afisa mwandamizi wa programu katika shirika dogo la hisani ambalo bodi yake hukaa Ulaya na ambalo hutoa ruzuku kwa vyama vya wananchi vya Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Niliingia humo kama mhasibu, nikihakiki risiti za wapokeaji wa ruzuku moja baada ya nyingine, kisha nikapewa kazi ya kusoma maombi na kuvitembelea vyama. Watu wa Goma, mji wetu, wanawajua wafadhili kwa magari yao na kwa mabango yaliyosimikwa kando ya barabara, lakini ni wachache wanaojua jinsi inavyoamuliwa kwamba chama hiki kipate na kile kikose. Afisa wa programu hupendekeza. Mkuu wa ruzuku husimamia mikataba na awamu za malipo. Na juu yao yuko mkurugenzi wa mikakati, ambaye huamua fedha ziende kwenye tatizo gani, kwa muda gani na kwa masharti gani. Nafasi hiyo ya mwisho, katika shirika letu, ilikuwa haijawahi kushikwa na mtu anayeishi Kivu. Ilipotangazwa niliiomba, na usaili wangu ukapangwa ufanyike kwa njia ya video Ijumaa, tarehe 28 Mei.

Jumamosi iliyotangulia, tarehe 22 Mei, jioni, Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu, ulilipuka. Sisi tuliokuwa na umri wa kukumbuka tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, hatukungoja kuambiwa. Safari hii lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na mji, baada ya kuteketeza nyumba za watu wa pembeni, kukata barabara ya Rutshuru na kuharibu mabomba ya maji. Ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, na kuta zikapasuka. Kisha, kabla hapajapambazuka Alhamisi tarehe 27, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba mitaa 10 ihame mara moja, kwa kuwa magma ilikuwa imeonekana chini ya mji na chini ya ziwa. Majengo ilikuwamo, Mabanga zote mbili zilikuwamo, Virunga, Murara na Les Volcans pia, na ofisi yetu ilikuwa Les Volcans.

Niliondoka kwa gari la ofisi pamoja na mlinzi wetu na familia yake, tukafuata barabara ya Sake na Minova, kuelekea Bukavu katika Kivu Kusini. Sitaieleza safari hiyo yote. Kila aliyekuwapo anaikumbuka, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba magodoro na akina mama waliotembea na watoto mgongoni. Nitaeleza tu kwamba tangu asubuhi hadi tulipofika Minova simu yangu haikunyamaza, na kwamba karibu simu zote zilikuwa za wapokeaji wetu wa ruzuku, wakiniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: je, tunaweza kuzitumia fedha mlizotupa kwa jambo jingine?

Aliyeniuliza ana kwa ana alikuwa rais wa chama cha akina mama wa Majengo, niliyemkuta Minova katika uwanja wa shule. Chama chake kilikuwa na vikundi vya kuweka na kukopeshana, vile tunavyoviita AVEC, na ruzuku yetu kwake ilikuwa ya mafunzo ya ushonaji. Anayevijua vikundi hivyo anajua kwamba akiba hutunzwa katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, ili asiwepo wa kukifungua peke yake. Yeye alikuwa amekikimbiza kisanduku, amekifunga ndani ya kitenge. Wenye funguo, mmoja alikuwa amevuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, mwingine alibaki Sake, na wa tatu hakupatikana kwa simu.

“Mwanangu,” aliniambia, “sikuombi fedha mpya. Zile za mafunzo zimo katika akaunti yetu. Niruhusu ninunue maji na unga, na nimlipie dereva aliyetuleta, maana nimeshamwahidi.”

“Mama, nipe hadi kesho,” nikamjibu.

Kwa mujibu wa mkataba, jibu lilikuwa hapana. Mikataba yetu, kama ya wafadhili wengi, iliruhusu kuhamisha asilimia 10 tu kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine. Zaidi ya hapo ilihitajika idhini ya maandishi ya kamati ya ruzuku, na kamati hiyo ilikutana kila robo mwaka. Kikao kilichofuata kilikuwa cha Julai. Mama yule alikuwa na fedha benki, alikuwa na wanachama wake mbele yake wakiwa wamekaa chini kwenye nyasi, na hakuwa na haki ya kununua mtungi wa maji.

Tulifika Bukavu usiku wa manane, kwa mama mdogo wangu anayekaa Nguba. Sikulala. Nilifungua mikataba yote iliyokuwa hai ya vyama vya Goma, nikaipanga kwa chanzo cha fedha, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo mtu aliyepitia uhasibu huliona kabla ya mengine: si kila fedha ya mfadhili ni yake kuamua. Sehemu ya ruzuku zetu ilitokana na mfuko wa kudumu wa shirika lenyewe, na juu ya hizo bodi ilikuwa na uhuru kamili. Sehemu nyingine tulikabidhiwa na wafadhili wakubwa zaidi kwa kazi maalumu, na hizo hazikuweza kuguswa bila ridhaa yao. Kufikia alfajiri nilikuwa na marundo mawili, na kwa rundo la pili nilikuwa nimeandika rasimu za barua za kuwaomba ridhaa wenye fedha.

Saa ya usaili ilipofika, wadhamini watatu wa bodi walitokea kwenye skrini. Mwenyekiti alitoa pole kwa upole wa kweli, akasema kwamba wangeelewa kabisa kama ningependa kuahirisha. Nikamshukuru, nikamwambia kwamba nisingependa kuahirisha, ila ningeomba saa ile itumike kwa uamuzi mmoja ambao haukuweza kungoja Julai. Baada ya hapo wangeweza kuniuliza maswali yao, muda ukibaki. Walitazamana, kisha mwenyekiti akasema, “Endelea.”

Niliwaomba mambo yasiyo mengi. Kwamba kila ruzuku ya mradi kwa chama cha Goma, iliyotoka katika mfuko wetu wenyewe, igeuzwe siku ile ile kuwa ruzuku huru, ambayo chama kingeitumia kwa jambo lolote kinaloliona la lazima, mishahara, kodi ya nyumba na usafiri vikiwemo. Kwamba awamu zilizobaki zilipwe mara moja. Kwamba badala ya ripoti ya maandishi, chama kitoe ripoti ya mdomo, na pale risiti zisipopatikana, ikubalike orodha iliyotiwa saini au alama ya kidole na wanachama walioshuhudia matumizi.

Mweka hazina wa bodi alipinga, na upinzani wake haukuwa wa kijinga. Alisema kwamba wakaguzi wa hesabu hawatazami huruma, wanatazama nyaraka. Kwamba chama kimoja kikizila fedha, vingine vyote vitaadhibiwa kwa ajili yake. Na kwamba mlango ukifunguliwa wakati wa dharura ni vigumu kuufunga baadaye. Niliyajibu haya moja moja. Kuhusu wakaguzi, barua ya marekebisho ya mkataba yenye ukurasa mmoja, iliyosainiwa kabla ya matumizi, nayo ni waraka, na mkaguzi hupima matumizi kwa mkataba uliopo. Kuhusu fedha kuliwa, nilisema kwamba hatari hiyo tumeipima kila mwaka tangu shirika lianze, lakini hatujawahi hata mara moja kuipima hatari ya fedha kukaa salama benki huku chama chenyewe kinasambaratika barabarani. Kuhusu mlango, nilimkumbusha kwamba mwezi Machi 2020, korona ilipoingia, mamia ya mashirika ya hisani, mengi yakiwa ya Marekani, yalitia saini ahadi ya kulegeza masharti ya ruzuku zao, na kwamba miaka kadhaa kabla ya hapo Ford Foundation ilikuwa imetenga dola bilioni 1 kwa mpango wake wa BUILD, wa ruzuku za miaka mingi zenye uhuru wa matumizi. Na huko Istanbul, mwaka 2016, wafadhili wakubwa wa misaada ya dharura walikuwa wameahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha zao ingewafikia watendaji wa mahali husika, moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita na lengo hilo halikufikiwa, na sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba ahadi zilitolewa na viongozi ilhali mikataba ilibaki ileile.

Kisha nikataja jambo lililokuwa karibu zaidi nasi. Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimepoteza mfadhili wake mkuu mwaka 2020, mradi ulipofikia mwisho, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokelea taarifa za vipimo vilivyo mlimani. Sikudai kwamba fedha hizo zingeuzuia mlima, wala kwamba tungepata onyo la hakika. Nilisema tu kwamba mji mzima uliishi chini ya volkano hai huku uangalizi wake ukitegemea tarehe ya mwisho ya mradi, na kwamba anayeitwa mkurugenzi wa mikakati anapaswa kuziona tarehe za namna hiyo kabla hazijafika.

Mwenyekiti aliniuliza kama nilikuwa naomba uhuru huo kwa vyama vyote. Nilijua kwamba angeuliza, na nilikuwa nimelifikiria jibu usiku kucha. Nikasema hapana. Kilikuwepo chama kimoja ambacho hesabu zake za miezi sita iliyotangulia hazikueleweka, na tulikuwa tumeshakiandikia mara kadhaa kabla ya mlipuko. Nilipendekeza kwamba hicho kisipewe awamu iliyobaki hadi maswali yale yajibiwe. Kiongozi wake nimemwita yaya, yaani ndugu mkubwa, tangu tulipokuwa wanafunzi, na nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zilizoteketea. Nadhani ni jibu hilo, kuliko hoja zote za kabla yake, lililomfanya mweka hazina avue miwani yake na kusema kwamba angeunga mkono pendekezo hilo.

Hakuna swali hata moja la orodha yao lililoulizwa. Uamuzi ulipita kabla ya saa kwisha, na kwa fedha za rundo la pili barua zangu zilitumwa alasiri ile. Wafadhili wawili waliridhia haraka, mmoja alichukua wiki kadhaa.

Jioni nilimpigia yaya mwenyewe. Sikutaka aipate habari kwa barua. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nilijua kwamba amelala na watoto wake sebuleni kwa watu. Nikamwambia kwamba najua, na kwamba kwa hilo nitamsaidia kwa mfuko wangu, kama ndugu. Lakini fedha za chama si zangu kumpa, wala si zake kupokea kabla ya kueleza za mwanzo. Alikata simu. Mwaka mzima ulipita kabla hatujazungumza tena kama zamani, na bado nauona uamuzi ule kuwa wa haki. Anayetaka kuongoza kazi hii katika mji wake mwenyewe ataamua habari za watu atakaokaa nao msibani na harusini, na sijui njia nyingine ya kuifanya isipokuwa kusema neno lenyewe kwa kinywa chake.

Mama wa Majengo alitoa ripoti yake mwezi Septemba, kwa sauti, nasi tukaiandika. Alikuwa amelipa dereva, amenunua unga, maharage na dawa ya kutibu maji, kwani Minova watu walikuwa wanaogopa kipindupindu. Alikuwa pia amemlipa fundi wa kuchomelea akate kufuli zote tatu mbele ya wanachama waliokuwapo, akiba ikahesabiwa kwa sauti, kila mmoja akapewa yake, na kufuli mpya zikanunuliwa waliporudi mjini. Sijawahi kusoma bajeti yenye kifungu cha fundi wa namna hiyo, na matumizi hayo ndiyo yaliyokiokoa chama kile: wanachama walirudi Juni kwa sababu waliona fedha zao zikihesabiwa mbele yao.

Barua ya uteuzi wangu ilifika baada ya watu kurejea Goma. Jambo la kwanza nililolifanya katika nafasi hiyo lilikuwa kuandika upya mkataba wetu wa kawaida, pamoja na mkuu wa ruzuku na wapokeaji wenyewe, wakiwamo wale ambao vyama vyao vilikuwa bado vinasubiri utu wa kisheria chini ya sheria ya Kongo namba 004/2001, inayohusu vyama visivyo vya kutafuta faida. Tuliweka humo kifungu kinachosema kwamba mamlaka ikiamuru watu wahame, au mapigano au maafa yakiufikia mtaa wa chama, ruzuku hugeuka kuwa huru siku hiyo hiyo bila barua wala kikao, na chama hutoa taarifa kinapoweza. Mweka hazina alidai iongezwe sentensi ya kuvitenga vyama vyenye maswali ya hesabu yasiyojibiwa, nami nikakubaliana naye.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia Goma na benki zikafunga milango, wapokeaji wetu walinipigia simu tena. Safari hii hawakuniuliza kama wanaruhusiwa. Walinieleza walichokwisha kufanya, na kazi yangu ilikuwa kutafuta njia ya kuwafikishia awamu iliyofuata.